Mgeni Aliyeuliza Mara Moja

Juzi mjukuu wangu alinisomea habari kwenye simu yake. Kuna watu huko ng'ambo, alisema, wanaobishana kama ni halali kwenda kutembea katika nchi ambayo serikali yake inawapiga watu, na kama ni halali kununua vitu vyake. Wengine wanasema usiende, ukienda unawalisha wenye fimbo. Wengine wanasema nenda ukaone kwa macho yako, na wanaoteswa wajue kuwa hawajasahauliwa. Akaniuliza mimi naonaje. Alidhani ni swali la watu wa siku hizi. Nikamwambia aniletee maji kwanza, kwa maana jibu ninalo, lakini ni refu na si zuri.

Mimi niliishi katika nchi ya namna hiyo. Nilizaliwa humo, na wageni walikuja kunitazama mimi.

Kwetu Nyakabere, katika bonde la Ruzizi, wakati wa Wabelgiji hakuna aliyelima pamba kwa kupenda. Mvua zikikaribia, watu wa agronomu, yaani mzungu wa kilimo, walipita na kamba na kumpimia kila mwanamume mwenye mke kipande chake. Mbegu uligawiwa, siku ya kupanda uliambiwa, na bei ilikuwa imekwisha kupangwa kabla hujainama na jembe. Mihogo na maharagwe yalisubiri. Ukichelewa, au palizi yako ikiwa mbaya, kapita, msimamizi wa mashamba, alikuwa juu yako. Huyu alikuwa mtu wetu, mweusi kama sisi, mwenye kofia ya kupewa na daftari ambalo sidhani kama alijua kulisoma. Agronomu mwenyewe tulimwona mara chache. Alikuwa na sauti ya upole na mke aliyependa maua, na ndiyo maana mpaka leo sauti ya upole peke yake hainitoshi.

Mume wangu alikuwa mtu wa utani. Tulifunga ndoa misheni nikiwa bado sijui kusonga ugali vizuri, na kwa miezi mingi aliusifu ugali wangu mbele ya mama yake kwa maneno makubwa kiasi kwamba kila mtu alijua ni mbovu. Mtoto wetu wa kwanza alikufa akinyonya, mwaka ambao maziwa yangu yalikauka kwa sababu tulikula vibaya. Wa pili alipozaliwa, mume wangu alipunguza utani. Msimu ule alipanda pamba kama alivyoamriwa, lakini katikati ya mistari akafukia mahindi. Alisema pamba hailiki. Nilimwona akifukia, na moyoni nilifurahi.

Mahindi hayafichiki. Yalipofika kiunoni yaliipita pamba, na kapita akayaona tangu njiani. Tuliyang'oa wenyewe, mimi na yeye, kapita amesimama juu yetu, na mengine yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Kisha agronomu akaja na polisi wawili. Mume wangu alilazwa kifudifudi mbele ya watu wote akapigwa kwa ile fimbo ya ngozi ya kiboko. Sitaieleza. Nitasema tu kwamba waliniamuru nisiondoke, na sikuondoka. Baadaye walimpeleka gerezani Uvira, akae huko mpaka pamba ya mwaka ule iishe kuuzwa.

Kutoka kwetu mpaka Uvira ni mwendo wa nusu siku kwa mguu. Nilikwenda kila nilipoweza, mtoto mgongoni, ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kichwani. Polisi wa langoni alichukua sehemu yake kwanza, akaniruhusu. Wafungwa walitengeneza barabara wakiwa wamefungwa mnyororo mmoja shingoni, na mume wangu alisema ni vizuri, kwani sasa hawezi kupotea njia. Alicheka, kisha kikohozi kikamshika mpaka akashika ukuta. Kila safari nilimkuta amepungua. Mara ya tatu, nilipomwona mifupa ya mabega, nilijua kwamba asipotoka mapema sitampata tena akiwa mzima. Tangu hapo sikuwaza kitu kingine: nani anaweza kumtoa?

Katekista alisema nisali. Nilisali. Baba mkwe alisema nimpelekee chifu mbuzi. Nilimpelekea, na chifu akamla. Hakuna mtu mweusi katika bonde zima ambaye neno lake lilipita mbele ya agronomu, na mzungu wa kumpinga mzungu mwenzake hatukumjua. Wakabaki wageni.

Wageni walikuja kila kiangazi. Walitoka Usumbura, mji mkubwa wa ng'ambo ya mto, kwa motokari, wakavuka mto, wakaenda kutazama viboko pale Ruzizi inapoingia ziwani. Walilala Uvira kwenye nyumba ya wageni ya serikali, na kesho yake waliletwa bondeni kwetu kutazama ngoma na soko la pamba. Pamba ikirundikwa nyeupe juani inapendeza sana kwenye picha. Walituomba tusimame karibu nayo, tukasimama.

Nakiri kwamba nilizipenda siku hizo. Kapita alitufagilisha hata njia za mbuzi, lakini fimbo zilifichwa, na yeye mwenyewe alituita mama na baba kana kwamba alilelewa vizuri. Mimi nilisuka mikeka ya mafunjo, na wageni waliipenda. Mwanamke mmoja wa kizungu alinipa kipande cha sabuni chenye harufu, ambacho sikukitumia kwa mwaka mzima, nilikinusa tu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Kutazamwa kama kitu kizuri si jambo dogo ukiwa umezoea kutazamwa kama jembe.

Baba mkwe wangu alichukia. Aliingia ndani kila mara motokari zilipofika, akafunga mlango. Alisema mtu anayetembelea boma la mwizi na kusifu unene wa ng'ombe, naye ameiba kidogo. Katekista alimjibu kwa methali, kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakija, alisema, barabara inatengenezwa na siku hiyo hakuna anayepigwa, na je, siku moja bila fimbo si siku? Walibishana hivyo chini ya upenu wa kanisa kila Jumapili ya kiangazi. Mimi nilikuwa upande wa katekista. Nilikuwa na mikeka ya kuuza na mtu gerezani, na nilikuwa nimeona jinsi agronomu alivyotembea mbele ya wageni, akiwafungulia mlango wa gari, akicheka kabla hawajamaliza kusema. Mgeni ndiye mtu pekee ambaye agronomu alimwogopa.

Kiangazi hicho, mume wangu akiwa gerezani, karani wa ofisi alikuja kwenye misa yetu. Alikuwa mtu wa mbali, kutoka upande wa magharibi, aliyeletwa na Wabelgiji kwa ajili ya kuandika na kutafsiri, mwenye viatu na watoto wanaosoma. Alituambia kwamba anakuja mgeni wa aina nyingine. Si Mbelgiji. Ana viwanda vya nguo katika nchi yake, na pamba yetu inafika mpaka huko. Watu wa kanisa lake walimwambia kwamba pamba ya Kongo inalimwa kwa fimbo na kwamba ni dhambi kuinunua, naye akasema hatanunua tena mpaka aje, aone kwa macho yake, awaulize wenyewe kwa mdomo wake. Karani alisema wakubwa Uvira hawalali vizuri. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, na nilimwona anafurahi.

Basi nikaamua kumwambia huyo mgeni. Si habari ya pamba yote na bonde lote, hayo yalinizidi. Nilitaka kumwambia habari ya mtu mmoja, na mahindi, na mgongo wake, na kikohozi. Nilijifunza maneno yangu wakati wa kusuka, nikayapunguza mpaka yakawa machache, ili karani asichoke kuyatafsiri. Nilikuwa na kuku mmoja tu, jike lililokuwa likitaga. Nikalitenga kwa siku hiyo. Nikaomba kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kwa dada wa mume wangu.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo kilichotokea hakieleweki. Kwetu mgeni akifika na kuuliza habari, unajibu nzuri. Hata kama maiti iko ndani, unajibu nzuri. Mama yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusali. Mgeni amesimama, ana vumbi miguuni, ana njaa, utamtwikaje mzigo wako hapo mlangoni? Kwanza unamtolea kigoda, unampa maji, unampa chakula. Akishakula anauliza tena mwenyewe, kwa sauti ya chini zaidi: na habari zenyewe? Hapo ndipo unasema, nzuri, ila mtoto amefariki, au nzuri, ila nyumba imeungua. Mgeni mwenye adabu haondoki kabla ya kuuliza mara ya pili, na mwenyeji mwenye adabu hasemi kabla hajaulizwa hivyo. Sijawahi kuona mtu wa kwetu akikosea hapo. Hata walevi waliijua njia hiyo.

Walifika mchana, jua likiwa kali. Motokari mbili. Agronomu alitoka wa kwanza, kisha wanawake wawili wenye miwani myeusi, kisha yeye. Alikuwa mzee kuliko nilivyotazamia, mrefu, ameinama kidogo, na alitokwa na jasho sana. Alitazama pamba ikipimwa. Aliinua donge moja akalivuta kwa vidole kama mtu anayejua anachofanya. Tulicheza ngoma, nikaimba, lakini yeye hakutazama ngoma. Alikuwa akizungumza na karani, na karani akamwuliza kapita jambo, na kapita akaonyesha kwa kidole nyumba yangu. Moyo wangu ulipiga mpaka nikakosa wimbo. Nilijiuliza amenijuaje. Nikasema moyoni, Mungu amesikia.

Nikakimbia kwa nyuma ya nyumba ili anikute mlangoni kwangu, kama inavyopasa. Alikuja na karani. Agronomu alitaka kufuata, na yule mzee akageuka akainua mkono, akamzuia. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimemchukia miaka mingi na si vizuri kumchukia mtu kwa uwongo. Alimzuia. Alitaka kunisikia peke yangu. Alipofika alivua kofia.

Karani aliniuliza, "Weye njo bibi ya ule muntu iko mu buloko juu ya pamba?"

Nikasema ni mimi, mke wa yule aliye gerezani. Mzee akasema maneno yake, polepole, akinitazama usoni. Karani akageuza: "Anauliza habari ya hapa. Habari ya pamba, na habari ya bwana yako."

"Habari iko muzuri," nikasema. "Karibuni."

Nilisema hivyo nikitabasamu, nimekunja magoti kidogo, mikono pamoja. Mzee akamtazama karani. Karani akasema neno moja kwa Kifaransa. Mzee akauliza jambo jingine fupi, na karani akaniambia anataka kujua kama hakuna neno baya. Hilo pia lilikuwa swali la mlangoni. Alikuwa bado amesimama, jasho linamtoka, hajagusa hata maji. Nikasema hakuna neno baya, Mungu ni mwema, na waingie kivulini, naleta kiti. Nikaingia ndani kuchukua kigoda.

Nilikuwa na haraka, lakini si haraka ya kutosha. Kigoda kilikuwa na unga, nikakifuta. Nikapakua kuku, nikachagua vipande. Kasiksi niliimimina kwenye kibuyu kilicho safi. Wakati huo wote nilikuwa nikirudia maneno yangu: mahindi, mgongo, kikohozi. Nilitoka nimebeba kigoda kwa mkono mmoja na sahani kwa mwingine.

Alikuwa amekwisha kufika kwenye motokari. Alikuwa akimpa agronomu mkono, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Agronomu alicheka. Niliita. Kwetu mwanamke hakupaswa kuita hivyo mbele ya watu, lakini niliita kwamba mgeni hajala. Karani aligeuka, akanitazama mara moja, akaingia garini. Yule mzee aliona sahani mkononi mwangu, akanipungia kofia kwa furaha.

Jambo la kwanza nililohisi, Mungu anisamehe, halikuwa hofu. Nilimwona ni mtu asiye na malezi. Nilifikiri, hawa wazungu, hata akipikiwa kuku anaondoka kama mtu anayefukuzwa. Kisha nikafikiri ameenda kuona jambo fulani na atarudi, kwa sababu hakuna anayeuliza habari ya mtu aliye gerezani akaondoka hivyo. Nikafunika chakula kwa jani la mgomba. Vumbi la motokari likatulia. Watoto walikuja kunusa, nikawafukuza. Baba mkwe ndiye aliyekula kuku yule mwishowe, bila furaha, na alipomaliza alisema kwamba mzungu amepewa jibu la mlangoni akashiba.

Siku chache baadaye nilikwenda Uvira na chakula. Polisi wa langoni, yule wa siku zote, hakunyoosha mkono kuchukua sehemu yake. Hapo nikajua.

"Hayuko," alisema. "Walimupeleka mbali. Alisema bongo mbele ya wageni." Bongo, yaani uwongo.

Mengine alinieleza kwa kunionea huruma, nami nimeyakumbuka kwa mpangilio wake. Asubuhi ya siku ile ile, kabla ya kuja bondeni kwetu, wageni walipitishwa gerezani. Wafungwa walikuwa wamepewa kaptula mpya na minyororo ilikuwa imefichwa. Mzee mwenye viwanda aliuliza kama kuna aliyefungwa kwa ajili ya pamba. Wote walitazama chini. Mume wangu peke yake alitoka kwenye mstari, akavua shati, akageuka. Alisema kila kitu. Karani alitafsiri na mzee aliandika. Wakubwa walisema huyu ni mwizi na mchochezi, msimsadiki. Jioni mzee aliporudi kutoka bondeni, alisema amehakikisha mwenyewe na amekuta si kweli. Kesho yake mume wangu alipigwa kwa kusema uwongo mbele ya wageni wa serikali, kisha wakamtia kwenye lori pamoja na wale wa dini zilizokatazwa, wakampeleka nyuma ya milima, kwenye kambi ya watu waliofukuzwa makwao. Polisi hakujua atarudi lini. Alisema hawakuandika.

Niliketi kando ya lango na kapu langu. Polisi hakujua mzee alihakikishia wapi, wala mimi sikumwambia. Ugali ulipoa, nikawapa wafungwa wengine, na walikula bila kunitazama.

Karani nilimngojea Jumapili nje ya kanisa. Nilikuwa nimekusudia kumpiga, na sijui kwa nini sikumpiga. Nilimwambia yeye ni mtu mweusi, ana mama, anajua kwamba jibu la kwanza si jibu. Kwa nini hakumwambia mzungu aketi? Kwa nini hakumwambia aulize tena?

"Minye nilijua," alisema. "Nilisema tu kile ulisema. Ningeongeza neno moja, kesho ni minye bangelalisha pale." Alimaanisha kwamba yeye ndiye angelazwa chini ya fimbo kama mume wangu.

Kisha, kama mtu anayetapika, akanieleza ya Uvira jioni ile. Kwenye nyumba ya wageni yule mzee alikula kwa hamu. Alisema alikuwa ameanza kumwamini mfungwa, na ilimsumbua njiani kote, mpaka alipoona mke wa mfungwa mwenyewe anatabasamu mlangoni, amenenepa, anakaribisha watu. Alisema sasa atanunua kwa moyo mweupe, na atawaambia watu wa kanisa lake waache maneno. Niseme kwamba sikuwa nimenenepa. Nilikuwa na mimba, ambayo ilitoka kabla ya mvua.

Kwa hiyo mjukuu wangu alipouliza waende au wasiende, wanunue au wasinunue, nilimwambia hivi. Yule mzee hakuwa mbaya. Wabaya walikuwa wamekaa nyumbani wakinunua pamba bila kuuliza, na hao hawakumdhuru mume wangu zaidi ya alivyokuwa amedhurika. Yeye alikuja kwa sababu dhamiri ilimsumbua. Alikuja kuifua, akaondoka nayo safi, na mimi ndiye niliyemfulia. Sisemi watu wasiende. Nasema anayekwenda kuuliza na huku gari linanguruma, afadhali abaki kwake. Aketi. Ale cha watu. Akae mpaka aliyesema nzuri achoke kuisema. Na kama hana siku za kukaa, basi asimwambie mtu yeyote kwamba amehakikisha.

Mjukuu wangu alisema hilo ni gumu. Nikamwambia nalijua kuliko yeye. Baada ya uhuru mimi mwenyewe niliuza ndagala ng'ambo ya mpaka na kununua vitenge. Ulikuwapo mwaka mmoja ambao watu wa upande ule walikuwa wakichukuliwa majumbani, na mwanamke niliyenunua kwake siku zote alikuwa na macho mekundu. Nilimwuliza habari. Akasema nzuri. Nilikuwa na lori la kuwahi. Nikafunga mzigo wangu.

Mume wangu alirudi. Watu hawakutegemea, nami nilikuwa nimeacha kutegemea. Ilipita misimu ya pamba nikailima peke yangu, kwa maana kipande kilikuwa bado chetu na kamba haikujali nani yuko na nani hayuko. Ilikuwa karibu na mwisho wa utawala wao, Wabelgiji wameanza kufungua milango waliyoifunga, na alishuka kwenye lori pale Sange, akatembea kutoka hapo mpaka nyumbani, akipumzika kila baada ya miti michache. Mtoto wetu hakumjua. Alimpa salamu kama anavyopewa mgeni na kumtolea kigoda.

Hakuulizwa na mtu habari za huko, wala hakuzisema. Aliketi juani, nami nilikaa karibu yake nikisuka au nikichambua maharagwe. Utani ulirudi, mdogo. Aliusifu ugali wangu. Kikohozi kilikuwa kimeingia ndani kabisa, na baba wa misheni alipomsikiliza kifua alikuja kuniambia mimi badala yake. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitamweleza yote siku atakayopata nguvu. Na katika miaka hiyo nilikuwa nimejipa dawa moja ya kulalia, kwamba ni kapita aliyenichagua. Kwamba walitaka mwanamke mwenye adabu, asiye na kelele, wakamwelekeza mzungu kwangu ili adanganywe vizuri. Nililiamini hilo. Lilinisaidia kula.

Asubuhi moja, nachambua maharagwe, alisema mwenyewe, bila kuulizwa.

"Ule muzungu wa viwanda," alisema. "Siku ile mu buloko alinitazama vizuri. Lakini niliona haniaminiye sana. Njo nikamwambia, kama haunisadiki, enda Nyakabere, uliza bibi yangu. Ule hasemake bongo."

Akakohoa, nikamshika mgongo. Niliyahisi makovu kwa vidole, kupitia shati.

"Alifika?" akauliza.

Nikamwambia hakufika. Akatikisa kichwa, akasema alijua tu kwamba watamzuia njiani, na kwamba angefika mambo yangekuwa mengine. Alikufa kabla pamba haijachanua, na mpaka siku ile aliwaambia wote waliokuja kumwona kwamba alikuwa na shahidi, ila hawakumwacha aulizwe.